Kuhubiri programu huria ndani ya Facebook na WhatsApp, ni sawa ao tunajipinga?

fundi_katuba
Bandugu jambo. Mi ni fundi wa mashini hapa Lubumbashi, Katuba, kila juma minawekea batu Linux (inakamata nafasi ya Windows) na LibreOffice (ya kuandikia, kama Word) kwa mashini za zamani, zile Windows inazichosha mpaka feni inalia. Juzi nilipostia Facebook maneno ya programu huria, zile kode yake (maandishi yanayoiendesha) iko wazi kila mtu aione na aibadilishe, na juu ya nini usiachie kampuni namba za jamaa yako yote. Batu walipenda, lakini mwanafunzi mmoja akaniandikia: "Yaya, unatukataza hiyo nyumba na wewe njo uko ndani unatuita kwa dirisha." Ilinichoma, nimekaa nayo siku mbili. Facebook ni ya Meta, WhatsApp pia tangu 2014, kode yao hatuioni, na mi ndiye ninawapelekea batu. Lakini nikitoka nitasema na nani? Mama, wateja, kwaya, bote biko kule. Nilifungua Mastodon, mtandao wa kijamii ulio huria, nzuri kabisa, ila wa hapa kwetu sijaona hata kumi. Nifunge akaunti ya Facebook?

dada_birere
Kaka usifunge. Angalia kwanza mambo ya mega, ile data ya internet. Hapa Goma wengi wananunua forfe (kifurushi) ya mitandao tu, ile ya bei ndogo, WhatsApp inafunguka, Facebook inafunguka, ukigusa linki ya nje hakuna kitu. Ukimtumia mtu anwani ya tovuti yako umemwonyesha mlango uliofungwa, kwa hiyo andika maneno yote palepale, asome bila kutoka. Programu zenyewe sisi tunapitishana kwa mkono, siku niko na mega minachukua VLC, ya kuchezesha video, kwa F-Droid, duka la programu huria za simu, kesho yake kwa kibanda ya simu minampa mteja kwa Bluetooth, hakatwi mega hata moja. F-Droid yenyewe iko na sehemu ya kubadilishana na simu ya karibu, wengi hawaijui.

nguba_bkv
Mi nakubali abaki, ila kwa masharti, na sitapunguza hata moja. Ukurasa wetu wa mafunzo ulifungwa asubuhi moja na mtandao mkubwa, hakuna mtu wa kupigia, hakuna wa kuandikia, kazi ya miaka mitatu ikaenda na picha zote. Kwa hiyo sharti la kwanza, maandishi yanaanza kwa tovuti yetu wenyewe, kule tunapeleka kopi. La pili, usimwambie mtu kamwe afungue akaunti ya Facebook ili akufuate, aliye ndani tayari mwongeleshe, aliye nje mwache nje mtafutie njia nyingine. Na linki uliyokopia toka kule kata yote kuanzia fbclid, njo alama ya kumfuata mtu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni grupu. Tulikuwa na grupu ya WhatsApp ya kufundisha faragha, watu karibu 200, na kila mmoja anaona namba ya wenzake wote. Dada mmoja akaanza kupigiwa saa sita za usiku na mtu asiyemjua. Sisi ndio tulitoa namba yake. Tulifunga grupu kesho yake tukafungua chaneli, kule wafuasi hawaonani namba, na wale wa kazi tuliwahamisha Signal, programu huria ya meseji, tangu 2024 unaweza kujitambulisha kwa jina bila wenzako kuona namba yako.

papa_ruashi
Kijana wangu, niongeze moja. Usiwaambie watu ati WhatsApp inasoma meseji zao. Tangu 2016 inafunga meseji kwa njia ileile ya Signal, anayetuma na anayepokea tu ndio wanazisoma. Shida ni kode hatuioni, tena kampuni inajua unaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Ukisema uongo mdogo juu ya jambo la kweli, siku wakigundua hawatakusikiliza tena.

fundi_katuba
Aksanti sana bakubwa, na wewe dada. Nimerudia posti yangu, ile sehemu niliandika ati WhatsApp inasoma meseji nilikuwa nimekosea kweli, nimerekebisha. Grupu ya wateja ninaifunga leo, sikuwahi kufikiri juu ya namba. Yule mwanafunzi nimemjibu aje Jumamosi na flashi ya giga 8, tutaweka Mint, aina moja ya Linux, kwa mashini yake.