Ushauri: mama mkwe anaongea Kiafrikaans, mtoto anaanza shule ya Kiwelshi. Mimi nijifunze ipi kwanza?

Nesi_wa_Tanga (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni nesi, kwetu Tanga, huu mwaka wa sita niko Bangor, kaskazini ya Wales. Mume wangu ni mtu wa Paarl, karibu na Cape Town. Si Mzungu, ni Coloured kama wanavyoitwa kule, na kwao ni Kiafrikaans mwanzo mwisho. Tuna binti wa miaka mitatu. Mimi namwongelesha Kiswahili, baba yake Kiafrikaans, sisi wawili tukigombana tunagombana kwa Kiingereza. Sasa anaanza shule, na huku Gwynedd shule za msingi za serikali karibu zote zinawaanzisha watoto kwa Kiwelshi.

Mama mkwe ana miaka 74 na anapiga simu kila Jumapili. Kiingereza chake kidogo, Kiafrikaans changu sifuri. Tukishasalimiana tumemaliza, namrudishia mwanawe simu. Halafu juzi nimempeleka mtoto kuangalia darasa. Mwalimu kasema kitu kwa Kiwelshi, watoto wote wakacheka, na wangu naye akacheka! Mimi nimesimama mlangoni nimeshika koti lake kama mlinzi.

Nafanya zamu za usiku. Muda nilionao ni nusu saa kwa siku, lugha mbili kwa mpigo siziwezi. Ipi rahisi kwa Mswahili? Nianze na ipi? Na Kiswahili cha mtoto hakitapotelea humo?

Mkalimani_Mstaafu

Dada, kwa urahisi wa kuanza, Kiafrikaans hakina mpinzani. Kimetokana na Kiholanzi kilicholetwa Cape 1652, lakini njiani kimetupa karibu mizigo yote ya sarufi. Kitenzi hakibadiliki: ek loop, jy loop, ons loop, mimi, wewe, sisi, neno lile lile. Ngeli hakuna, jinsia ya nomino hakuna. Ukitaka wakati uliopita unaweka "het" na kichwa cha "ge": ek het geloop, nimetembea. Basi.

Na kwa kuwa Kiingereza unacho, maneno mengi unayo tayari. Andika kwenye karatasi "My hand is in warm water", mpe mumeo asome. Ni Kiingereza sahihi na ni Kiafrikaans sahihi, herufi kwa herufi.

Kitakachokusumbua ni kukanusha mara mbili. Siongei Kiafrikaans ni "Ek praat nie Afrikaans nie". Ile nie ya mwisho haiongezi maana yoyote, inafunga tu sentensi, na ndiyo utakayoisahau mwaka mzima. Herufi g ni kh ya Khamis. Mtu wa Tanga hiyo hafundishwi.

Binti_Cardiff

Jamani msimtishe na Kiwelshi. Watu wanaona lile jina refu la kituo cha treni kule Anglesey wanakimbia. Kwa sauti, Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza: dd ni dh ya dhambi, th ni th ya thelathini, ch ni kh, na w ikikaa katikati ya neno ni u tu. Basi la abiria ni "bws", soma "bus" kwa Kiswahili chako, umepatia. Inabaki ll. Weka ulimi kama unataka kusema l, halafu usiseme, puliza.

Ugumu wenyewe uko kichwani mwa neno. Paka ni cath. Paka wangu, fy nghath. Paka wako, dy gath. Paka wake, kama mwenye paka ni mwanamke, ei chath. Unalitafuta neno kwenye kamusi hulioni, kumbe limejificha kwenye herufi nyingine. Miezi ya kwanza nililia. Halafu siku moja nikajiuliza, mbona sisi tunasema watu wawili lakini nyumba mbili? Mtu mrefu, njia ndefu? Ulimi, ndimi? Hakuna aliyenifundisha, nafanya tu. Mchezo ni ule ule, wao wanaucheza mahali pengi zaidi.

Kingine, hawana "ndiyo" moja ya kujibia kila kitu. Unajibu kwa kitenzi ulichoulizwa. Uko? Niko. Unacho? Ninacho. Hao si sisi?

Ila sikudanganyi, safari ni ndefu. Misamiati haifanani na Kiingereza, ukiacha ya kukopa. Faida yake kwako iko wodini. Sheria ya 2011 inazibana taasisi za umma zihudumie watu kwa Kiwelshi, matangazo ya kazi yanataja kabisa kama unakihitaji au la. Uliza kazini kuhusu masomo ya Kiwelshi ya wafanyakazi, yapo. Na wewe wa zamu ya usiku unajua: bibi kizee akichanganyikiwa saa nane za usiku harudi kwenye Kiingereza, anarudi kwa mama yake.

Chuma_Chakavu

Mwacheni mtoto ajue Kiingereza. Moja lugha ya wachunga kondoo, nyingine ya makaburu. Zote zinakufa.

Kwa_Nyuma_Kule

Naweka kambi hapa.

Mzee_Kihonda

Chuma, hilo neno makaburu nimelisikia kabla hujazaliwa. Nimekulia Morogoro. Juni 16, 1976 watoto wa Soweto waliingia barabarani kwa sababu serikali iliwalazimisha kusoma hesabu na maarifa ya jamii kwa Kiafrikaans. Wakapigwa risasi. Waliokimbia ndio waliojengewa shule pale Mazimbu, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyenyongwa 1979. Siku ya Mtoto wa Afrika mnayoimbia mashuleni inatoka hapo. Kwa hiyo anayesema lugha hii ina damu, simbishii.

Lakini mama mkwe wa huyu binti hakumlazimisha mtu. Wengi wa wanaokizungumza leo si Wazungu. Waliokifinyanga ni pamoja na watumwa na Wakhoi, wenyeji wa Cape, jikoni na mashambani kwa Waholanzi. "Baie", yaani sana, ni banyak ya Kimalay. Ndizi ni piesang, Kimalay pia. Wenyewe wakubwa walikidharau, wakakiita lugha ya jikoni.

Na watu wa pwani sikilizeni hili. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiafrikaans kuna yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi zetu. Abu Bakr Effendi, mwanazuoni aliyetumwa Cape na Dola ya Osmania, alitunga kitabu cha dini kwa lugha hiyo, kikachapishwa Istanbul 1877. Urasmi kilipata 1925. Nusu karne tu baadaye, lugha ya jikoni ikageuzwa fimbo.

Sisibo_Boy

Wadau, niko Eldoret, mji ambao Wakalenjin bado wanauita Sisibo, yaani sitini na nne, namba ya shamba la enzi hizo. Makaburu walifika hapa na magari ya ng'ombe 1908, kwa hiyo Kiafrikaans si mgeni kwetu.

Kuhusu kufa: sensa ya Afrika Kusini ya 2022 inakiweka Kiafrikaans nafasi ya tatu nyumbani, nyuma ya Kizulu na Kixhosa, asilimia 10.6. Kiwelshi sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,000 hivi, asilimia 17.8, na ndiyo, kimeshuka kutoka 19 ya 2011. Lakini serikali yao imejiwekea lengo la watu milioni moja kufikia 2050. Moja ilikuwa na dola ikanyang'anywa, nyingine ilinyimwa dola sasa inapewa. Zinapishana ngazini.

Na hao wachunga kondoo: karne ya 19 mtoto wa Wales akinaswa anaongea Kiwelshi shuleni alivalishwa kibao shingoni kimeandikwa W.N., yaani Welsh Not. Akimsikia mwenzake anampasia, wa mwisho jioni anakula fimbo. Kwetu tuliita disk. Yangu ilikuwa mfupa wa ng'ombe umetobolewa, kamba ya katani, unanuka. Niliivaa darasa la tano kwa kusema neno moja la Kinandi uwanjani, nikaenda nayo mpaka chooni kwa sababu haikuruhusiwa kuivua. Mtu akisema "mwacheni ajue Kiingereza", mimi naisikia ile kamba.

Chuma_Chakavu

Pole kaka. Hiyo ya mfupa sikuijua. Kiingereza bado nakitetea lakini.

Sisibo_Boy

Atakipata dukani na kwenye katuni, ondoa shaka.

Mama_Furaha_Bukavu

Dada, mimi niko Brussels, natoka Bukavu. Kwanza hiyo nie mbili isikutishe, ni kama ne na pas za Kifaransa, mdomo unazoea.

Swali lako la mwisho ndilo la kwanza kwangu. Hesabu masaa. Kiwelshi mtoto atakila shuleni kutwa. Kiingereza kiko kila mahali. Kiafrikaans kina baba na simu ya Jumapili. Kiswahili kina wewe peke yako, na wewe unalala mchana. Wangu wa kwanza nilimlegezea, nikaanza kumjibu Kifaransa ili tusichelewe asubuhi. Leo ana miaka 15. Namwambia "leta kijiko", analeta. Mwambie aniambie habari za shule kwa Kiswahili, ananiangalia.

Jifunze Kiafrikaans kwa ajili ya mkwe, miaka 74 haikungoji. Lakini mtoto usimwongeleshe kwa hicho. Kiwelshi atakuletea yeye mwenyewe kwenye begi.

Nesi_wa_Tanga (mwanzisha uzi)

Nimesoma yote kwenye mapumziko ya zamu, asanteni sana. Mzee Kihonda, shikamoo. Mume wangu amezaliwa Paarl, mji wenye mnara wa kumbukumbu ya Kiafrikaans, na habari ya herufi za Kiarabu hakuwahi kuisikia. Ameniomba nimsomee mara mbili.

Karatasi ya maji ya vuguvugu nimempa. Kaisoma kwa Kiafrikaans moja kwa moja, akaniuliza mkono umefanya nini.

Nusu saa yangu nimeipa Kiafrikaans, na kazini nimejiandikisha Kiwelshi. Jumapili nilishika simu kabla yake, nikasema: "Ma, ek praat nie Afrikaans." Kimya. Nikajua nimemuudhi. Halafu taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo kilichosahaulika, akasema: "Nie." Nikarudia yote na nie yangu. Alicheka mpaka akakohoa. Tumeongea dakika ishirini, nyingi ni majina ya vyakula.

Mkalimani, programu gani nitumie? Duolingo nimeona Kiwelshi, Kiafrikaans sikioni.

Mkalimani_Mstaafu

Hakipo huko. Fungua redio ya RSG mtandaoni, ni idhaa ya Kiafrikaans ya SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini. Anza na utabiri wa hali ya hewa, maneno yake ni yale yale kila siku. Ukiyazoea, Jumapili muulize mama kama mvua imenyesha Paarl.