"Huyu mama kafanya nini mpaka achongewe sanamu?" Mnakera!

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Tangu sanamu ya mwanamke mweusi aliyoichonga Thomas J Price, mchongaji Mwingereza, isimamishwe uwanja wa Times Square, New York, Aprili 2025, picha yake inazungushwa kila kona kwa vicheko. Mara "bonge", mara "sura ya hasira", mara "kafanya nini huyu?" Na wanaocheka wana mama, dada na shangazi wenye umbo lilelile. Inaniuma, siwafichi.

Hivi mmeitazama kweli? Mwanamke mweusi wa shaba nyeusi, futi 12, nywele kasuka, nguo za kawaida, mikono kiunoni. Angalieni miguu: uzito wote kaulaza mguu mmoja, mwingine kaulegeza. Ndivyo anavyosimama Daudi, ile sanamu maarufu ya Michelangelo wa Italia, na Price amefanya hivyo kwa makusudi. Daudi yuko uchi wa mnyama tangu 1504, hakuna anayeuliza mbona hajavaa. Huyu kavaa fulana yake, kesi!

Sasa hilo la "kafanya nini". Price hachongi mtu mmoja. Anachukua sura na maumbo ya watu wengi, anayaunganisha, anapata mtu ambaye hayupo. Hana jina kwa sababu hakukusudiwa awe nalo. Palepale Times Square zipo sanamu za padri wa jeshi Duffy, tangu 1937, na mtunzi wa nyimbo na maigizo George M. Cohan, tangu 1959, wanaume weupe wawili, juu ya misingi yao, wa kudumu. Huyu mwanamke aliwekwa Aprili 29, akaondolewa Juni 17. Wiki 7 tu! Mgeni wa wiki 7 ndiye aliyewanyima usingizi?

Kuna wanawake weusi waliosema sanamu ile inarudia picha ya mwanamke mweusi mwenye hasira. Hao nawasikiliza, wana hoja na wanaongea kwa uchungu. Nyinyi mnatukana tu.

Mimi nilisimama mbele ya sanamu nyingine ya Price ya mwanamke mweusi, Moments Contained, nje ya stesheni kuu ya Rotterdam, Uholanzi, iliyowekwa 2023. Ina karibu mita 4. Haina jukwaa, raba zake zimekanyaga chini palepale wanapopita abiria na mabegi. Mikono kaitia mifukoni, na ukisogea unaona vidole vimekunjwa, kitambaa kimevutika kwenye ngumi. Ngumi zile zilikuwa juu ya kichwa changu. Nikakaa pale mpaka treni ikaniacha. Sijawahi kuona mtu wa aina yangu akapewa ukubwa ule bila kwanza kuuawa, kufungwa au kushinda medali.

Kwa hiyo ule uzi wa humu wa kumlinganisha mwanamke wa Times Square na mnyama, wasimamizi, ufuteni. Nimeuripoti mara mbili na bado upo juu, watu wanaendelea kuchekelea.