Mafundi wa seva Arusha mnatuumiza: laki sita kila mwaka ya matengenezo, Samba haijaguswa tangu 2017!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu mnivumilie, nina hasira ya wiki nzima na ofisini hakuna anayenielewa, labda humu wapo.

Nafanya kazi kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, huku Njiro, tuko watu kumi na mmoja. Nipo upande wa bukingi ila kwa vile nilisoma stashahada ya IT basi kompyuta ikigoma mimi ndo naitwa. Chini ya meza ya mhasibu kuna seva, ina Ubuntu (mfumo endeshi wa bure) na Samba (programu ya bure inayowezesha kompyuta za ofisi kufungua folda za seva kupitia mtandao), na humo ndo kuna maisha yetu yote, vocha, bei za lodge, mahesabu, na folda inaitwa PASIPOTI ambayo fotokopi ya mapokezi inatupia kila pasipoti ya mgeni ikishaskaniwa. Seva ilifungwa Januari 2017 na fundi ambaye simtaji, na tangu hapo mama bosi anamlipa laki sita kila mwaka ya matengenezo. Miaka yote hiyo jamani! Anakuja anapuliza vumbi, anazima anawasha, anakunywa chai, anasaini karatasi, anaondoka.

Sasa Jumanne kuna mgeni mmoja mzee alikuwa kakaa mapokezi anasubiri gari la Tarangire, tukampa waifai kama kawaida (waifai ni moja tu ofisi nzima, na hiyo nayo ni kazi ya huyo huyo fundi). Baada ya muda akaniita kwa mkono, akanigeuzia Macbook yake, akaniuliza hii folda ni ya kwenu? Nikainama kuangalia. Alikuwa kafungua PASIPOTI. Seva yetu ilijitokeza yenyewe pembeni akabonyeza tu, hakuulizwa jina wala pasiwedi. Ya juu kabisa ilikuwa pasipoti yake mwenyewe, tumetoka kuiskani dakika kumi nyuma, na chini yake wageni wengine wote, sura zao, namba zao, tarehe za kuzaliwa, unashuka unashuka mpaka unafika wageni wa miaka ile. Mzee wa watu hakugomba. Alifunga laptop taratibu akasema naomba mrekebishe hili. Mikono ilinitetemeka mpaka gari lilipoondoka.

Jioni watu walipotoka nikabaki na ile seva. Nafungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, nakuta kila folda ina "guest ok = yes" na "writable = yes". Kila folda! Maana yake yeyote aliye kwenye waifai anasoma, anafuta, anaweka chake. Nikaandika smbd --version ikanijibu 4.3.11-Ubuntu. Hapo nikajizuia kidogo kwa sababu kwa Ubuntu hiyo namba peke yake haikwambii kitu, wao wanachukua kiraka cha usalama wanakishonea kwenye toleo la zamani na namba ya mbele inabaki ile ile, kwa hiyo nikaenda kwenye changelog (orodha ya mabadiliko) ya pakeji yenyewe, ile ya /usr/share/doc/samba. Ingizo la juu kabisa, yaani la mwisho kuingia kwenye ile mashine, ni la mwaka 2016. Nikaangalia apdeti za kujiendesha zenyewe, zimezimwa, mtu kakaa akaandika sifuri kwa mkono wake.

Nikampigia. Nikamwambia kaka, hii Samba mbona hujawahi kuiapdeti? Akanijibu, "Mdogo wangu, hizo apdeti zao ni kurekebisha vikasoro vidogo vidogo tu, hazina kipya, na kitu kinachofanya kazi hakiguswi, ukigusa utakiua."

Vikasoro vidogo vidogo! Naomba nieleze kasoro ndogo ni nini ili kila mwenye ofisi anayesoma hapa ajue anacholipia.

Tarehe 24 Mei 2017 watu wa Samba walitoa matoleo matatu kwa mpigo, 4.6.4, 4.5.10 na 4.4.14, na viraka kwa matoleo ya nyuma zaidi. Ukisoma maelezo yake ni mafupi sana. Tundu lenyewe la usalama limesajiliwa kwa namba CVE-2017-7494 na lilikuwepo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010, miaka saba hakuna aliyeliona. Mtu akiwa na folda anayoruhusiwa kuandika, anaweka humo faili la programu yake, halafu anaidanganya seva ilipakie na kuliendesha kama sehemu ya Samba yenyewe. Basi, mashine ni yake. Na marekebisho yake mnajua yalikuwaje? Mistari michache tu ya kodi: jina la paipu (njia ya programu kuongea na seva) linaloombwa likiwa na alama ya mkwaju ndani yake, kataa. Ndo kiraka chote hicho. Mtu akikisoma haraka ataona hakuna kipya, lakini sisi folda zetu zote zinaandikika bila pasiwedi, sharti pekee ambalo mwizi analihitaji tumemwekea mezani, na tumekaa hivyo tangu wiki ile ya Mei 2017 mpaka juzi Jumanne. Hata kama hakutaka kuapdeti, kulikuwa na mstari mmoja wa kuzuia kwa muda, "nt pipe support = no", unaandika unarestati umemaliza. Hakuandika hata huo.

Haikuishia hapo. Januari 2022 wakatoa 4.13.17, 4.14.12 na 4.15.5 kuziba tundu la vfs_fruit, ile moduli ya watu wa Mac, na sisi tunayo kwa sababu mama bosi anatumia Macbook. Ukali wake ulipewa 9.9 kati ya 10. Nayo ilitupita hivyo hivyo.

Na mwaka huu tulinunua laptop tatu za Windows 11 zikagoma kufungua folda za seva. Sababu inajulikana, hizi Windows 11 za karibuni zinataka mawasiliano yasainiwe, yaani yawe na alama ya kuthibitisha yanatoka kwa nani, na mtu anayeingia kama mgeni asiye na pasiwedi hana cha kusainia. Dawa ni kumpa kila mfanyakazi jina lake na pasiwedi yake, smbpasswd -a, watu kumi na mmoja, nusu saa ukienda polepole. Yeye alichofanya ni kuzishusha zile laptop mpya. Akazima kusaini, akaruhusu kuingia kama mgeni, akawasha SMB1 (toleo la zamani la lugha ambayo kompyuta zinatumia kushirikishana folda), akazima na fairiwoli. SMB1 ndo njia ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 kusambaa kwenye Windows dunia nzima, na huyu kaja kuiwasha kwenye mashine mpya za kazi kisha akachaji elfu themanini.

Naelewa woga wa kuapdeti, sio kwamba siuelewi. Toleo jipya linaweza kubadili tabia, mfano 4.11 ya Septemba 2019 ilizima SMB1 kwa chaguo-msingi na ukirukia tu bila kusoma basi fotokopi ya zamani inaacha kutuma. Lakini hayo yote wameyaandika waziwazi kwenye maelezo ya toleo, na wale watu wanatoa tawi jipya kila miezi sita hivi, la nyuma linaendelea kupata marekebisho, la nyuma yake tena linapata ya usalama tu, kwa hiyo muda wa kujipanga upo. Kusoma yale maelezo, kuchukua bekapu, kujaribu Jumamosi ofisi ikiwa haina watu, HIYO NDO KAZI tunayokulipa laki sita! Programu yenyewe ni bure kabisa, kuna watu wanakesha kuziba tundu moja moja, na wewe kazi yako ilikuwa kuileta tu mpaka Njiro.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni wale wageni. Logi zilikuwa zimewekwa chini kabisa, hakuna kumbukumbu ya nani alifungua nini, kwa hiyo mama bosi akiniuliza kama kuna mwingine alishaziona zile pasipoti sina cha kumjibu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na wa kwanza kuulizwa ni kampuni. Nimemwambia mama hivyo hivyo machoni. Alikaa kimya muda, kisha akasema fanya unachojua.

Jumatano nilitoa guest kwenye folda zote, nikagawa pasiwedi, nikatenganisha waifai ya wageni na ya ofisi. Kesho Jumamosi nahamishia kila kitu kwenye mashine nyingine yenye Ubuntu mpya na Samba yake, bekapu ziko mbili kwenye diski za nje, na nimeshapitisha smb.conf mpya kwenye testparm, kikaguzi cha mipangilio cha Samba yenyewe, haina lawama. Fundi nae kaitwa Jumatatu saa nne aje na risiti zake zote.

Kimebaki kitu kimoja naomba msaada. Ile fotokopi inajua SMB1 peke yake na sitaki kuirudisha SMB1 kwenye seva mpya kwa ajili yake. Ina sehemu ya FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili kwenye seva) na ya kutuma kwa imeili. Mwenye mashine ya zamani kama hiyo hapa Arusha au Moshi, wewe ulipitia wapi?