Tupeane uzoefu: kati ya boti hizi mbili ndogo za alumini, wewe ungechukua ipi?

Mleta mada, Brooklyn Park, Minnesota

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naomba wale mliowahi kumiliki boti ndogo za alumini za kuvulia samaki mnipe uzoefu wenu, kwa sababu nimeonyeshwa boti mbili zilizokwisha kutumika na zote mbili bei yake naimudu. Ya kwanza ina urefu wa futi 14, chini yake imechongoka kwa umbo la V, mabati yake yameunganishwa kwa ribiti, yaani pini za kugongelea, na ina mashine ya farasi 15 ya kisasa, isiyotaka kuchanganyiwa oili. Ya pili ni ile inayoandikwa 1448, yaani urefu wa futi 14 na upana wa inchi 48 pale chini. Chini yake ni bapa, imechomelewa badala ya kupigwa ribiti, na mashine yake ni ya farasi 9.9, ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli.

Mara nyingi navua kwenye maziwa madogo ya karibu na nyumbani, lakini msimu wa samaki aina ya walleye unapofunguliwa mwezi wa Mei huwa nakwenda ziwa kubwa la Mille Lacs, na safari hii nataka kwenda na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili, ambao bado hawajafikisha miaka 10. Tafadhali nielezeni mliyoyaona wenyewe majini.

Mchangiaji kutoka Duluth

Kaka, umeshataja Mille Lacs, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu. Ziwa lile lina zaidi ya ekari 130,000, lakini hata penye kina kirefu kabisa hapafiki futi 45. Maji mapana yenye kina kifupi yakipigwa na upepo hayatoi mawimbi marefu yanayoinua chombo taratibu, bali hutoa mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, yanayofuatana kwa karibu sana, na huinuka ndani ya muda mfupi tangu upepo ulipogeuka.

Nimewahi kumiliki boti bapa na sasa nina ya V, kwa hiyo nazungumzia vyote viwili. Boti ya V ukiielekeza kwenye wimbi kwa mshazari, omo, yaani sehemu ya mbele, hulipasua na maji humwagika pembeni. Boti bapa hulipanda wimbi na kulidondokea, na kila pigo hupita kwenye benchi moja kwa moja hadi mgongoni mwako, huku maji ya juu ya omo yakiwaangukia waliokaa mbele. Unalazimika kupunguza mwendo mpaka unakuwa kama unayetembea kwa miguu, na ufuko bado uko mbali. Mtu mzima anavumilia hayo. Mtoto aliyelowa kwenye upepo wa Mei anatetemeka, na hatulii tena mpaka mfike nchi kavu. Chukua ya V.

Mchangiaji kutoka Texas

Naheshimu maoni ya Duluth, ila nisingependa boti bapa ionekane kuwa ni chombo duni. Mimi navua ziwa Caddo, mpakani mwa Texas na Louisiana, ambako maji ni ya kina kifupi na miti ya saiprasi imesimama majini kila upande. Huko boti yangu ya 1448 inapita juu ya mizizi na majani ambako ya V ingekwama, kwa kuwa inahitaji inchi chache tu za maji. Nikisimama ubavuni kurusha ndoano, boti hulala kidogo tu kisha hutulia, na hata mtoto akihama kutoka benchi moja hadi jingine haitikisiki sana. Ukiisimamia ile ya V kwa namna hiyo, itakuinamia.

Kwa maziwa yako madogo ya nyumbani, basi, boti bapa ndiyo yenye raha zaidi. Jambo ambalo silipendi katika hiyo uliyoonyeshwa ni mashine. Farasi 9.9 kwa watu wanne, petroli, nanga na samaki ni nguvu ndogo. Boti itabaki imezama tezi, yaani upande wa nyuma, na kusukuma maji mbele yake, wala haitainuka ikateleza juu ya maji.

Fundi, Thunder Bay, Ontario

Nimetengeneza boti za aina hizi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaloona ni kwamba watu hubishana juu ya umbo la chini wakati chombo kinakufa kwa kuanzia tezi. Ule ukuta wa tezi unaofungiwa mashine una bati kwa nje, lakini kwa ndani una mbao za tabaka (plaiwudi), na mbao hizo hunyonya maji kupitia matundu ya bolti mwaka hadi mwaka bila mtu kuona. Kijana wangu, ukifika kwa muuzaji, hakikisha mashine imefungwa mahali pake na imeinuliwa, kisha shika sehemu yake ya chini, karibu na propela, uikandamize kwa uzito wako huku ukitazama ukuta wa tezi. Ukiona ukuta unapinda, au maji ya kahawia yanajitokeza kwenye bolti, mbao zimeoza. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kavu, iliyooza hutoa mlio mzito uliozimika.

Kubadilisha mbao hizo si kazi ngumu, ila usikubali mtu akuwekee mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Tangu mwisho wa 2003, dawa ya zamani yenye aseniki ilipoacha kutumika kwa mbao za majumbani, dawa zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi, kwa hiyo hatari imeongezeka. Nimewahi kuufungua ukuta wa namna hiyo nikakuta bati limetoboka vijitundu kama chekecheke mahali palipogusana na ubao. Tumia mbao za tabaka za kawaida zilizogandishwa kwa gundi isiyopenya maji, uzipake epoksi pande zote pamoja na ndani ya kila tundu la bolti, na bolti ziwe za chuma cha pua.

Kuhusu ribiti, watu wengi huziogopa bila sababu. Boti ikiwa juu ya trela, mimina maji ndani yake yafike inchi mbili hivi, usizidishe kwa sababu maji ni mazito, kisha ingia chini na chaki uweke alama kila mahali panapodondoka. Ribiti iliyolegea hukazwa upya na watu wawili, mmoja akigonga kwa nje na mwenzake akikinga kwa kipande kizito cha chuma kwa ndani. Boti iliyochomelewa haina ribiti za kulegea, lakini ikipata ufa penye mshono wa kuchomelea inataka fundi anayejua kuchomelea alumini, na mafundi hao si wengi vijijini.

Jambo la mwisho, pima kimo cha ukuta wa tezi. Mashine nyingi za ukubwa huo hutengenezewa kimo cha inchi 15 au cha inchi 20. Mashine fupi kwenye ukuta mrefu itavuta hewa badala ya maji kila wimbi linapopita, na mashine ndefu kwenye ukuta mfupi itaburuta na kugonga mawe. Lile bapa dogo lililo juu ya propela linapaswa kuwa usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo tu.

Mchangiaji kutoka Kilifi

Naongezea kwa ajili ya wanaofikiria kusafirisha boti kama hizi kuja nyumbani. Alumini inaishi vizuri kwenye maji ya chumvi ukiihudumia: ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila inaporudi, usiache mashine imezama wakati boti iko nangani, na kamwe usipake chini yake rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe kunata. Vipande vya kuliwa na kutu badala ya boti huku pwani ni vya zinki au alumini. Walio maziwani hufungiwa vya magnesi.

Mleta mada

Mzee Fundi, shikamoo, na asante sana. Nimekwenda kuzitazama tena zote mbili. Boti ya V imesimama imara nilipokandamiza mashine, inavuja kwenye ribiti chache karibu na mkuku, ule uti wa chini ya boti, na kimo cha tezi na cha mashine ni inchi 15 vyote. Ile bapa ukuta wake unapinda waziwazi, tena nimemulika kwa tochi chini ya benchi la nyuma nikaona mbao zimeota ukungu mweusi. Nimelipa arubuni ya ile ya V.

Mchangiaji kutoka St. Cloud

Hongera, kaka. Kabla hujashusha chombo, soma kibati cha uwezo kilichobandikwa ndani. Sheria ya Marekani inataka kibati hicho kwenye boti za namna hii zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa 1972, na kinaonyesha uzito wa watu na nguvu ya mashine visivyopaswa kuzidishwa. Watoto wako, kwa kuwa hawajafikisha miaka 10, wanatakiwa na sheria ya Minnesota wawe wamevaa jaketi okozi muda wote boti inapotembea, nawe jifungie kamba inayozima mashine ukidondoka, kwa sababu anayeishika mashine kwa mkono yuko karibu sana na maji. Na unapotoka ziwani, ng'oa kizibo cha chini, mwaga maji yote na usafiri kizibo kikiwa nje. Hapa ni lazima kisheria, kwa sababu ya kome wadogo wavamizi waitwao kome wa zebra, wanaohamia ziwa hadi ziwa wakiwa ndani ya maji yaliyobaki.