Mapacha wanataka chuo kimoja: wajifunge wote mapema au mmoja asubiri?

MamaKulwa: Wakuu habari. Mapacha wangu wako darasa la 12 hapa Marekani, wote wameng'ang'ania chuo kimoja, kile cha kuchukua wachache. Waombe wote mapema kwa kujifunga (ukikubaliwa lazima uende), au mmoja ajifunge, mwenzake aombe kawaida Januari? Mwisho ni 1 Novemba.

Kobe_Mzee: Dada, umeleta sufuria bila mchele. Alama zao? Fani? Mna uwezo wa kulipa, au mnategemea msaada?

JichoLaPili: Pesa kwanza. Tangu mwaka wa masomo 2024–25 FAFSA (fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo) haigawi tena mchango wa wazazi kwa idadi ya watoto walio chuoni. Zamani mapacha walikuwa nafuu kidogo. Vyuo vinavyotumia CSS Profile (fomu nyingine ya msaada), vingi bado huliangalia hilo. Uliza kabla hujatia saini ya kujifunga, maana na mzazi anatia.

Kobe_Mzee: Msaada usipotosha si unaruhusiwa kujitoa?

JichoLaPili: Unaruhusiwa. Ila ukijitoa, Desemba imeshapita, unaanza upya na vyuo vingine huku umechelewa. Zidisha mara mbili.

BabaWawili: Sisi tuliwaombea wote wawili mapema. Jioni ya majibu walikaa meza moja, kila mmoja na kompyuta yake, wakahesabu tatu wakafungua. Kwa huyu skrini ikajaa karatasi za rangi, na muziki juu. Kwa huyu aya mbili, "tunasikitika". Aliyepata akaikunja kompyuta chapu, akasema, "Yangu imegoma." Muziki unasikika bado! Mwenzake akamwambia hongera, akaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa visafi. Mpaka Februari walikuwa wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Kila mtu afungue chumbani kwake, ndiyo ushauri wangu.

Ndizi_Mbivu: Mimi siku zote nasema MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Maombi yao ya mapema hayafungi, unaona majibu, unalinganisha.

Kobe_Mzee: Kila uzi wewe na MIT. Mtu hajasema hata kama watoto wanapenda hesabu.

MamaKulwa: Samahani, nilikuwa kazini. Msaada tunauhitaji. Kulwa anataka uhandisi, Doto historia. Alama za Doto ziko chini kidogo. Insha zao za Common App (fomu moja ya kuombea vyuo vingi) zote mbili zinahusu kuwa pacha.

JichoLaPili: Mama weeee! Maneno 650 ya mtoto, nusu yake anamweleza mwenzake?

BabaWawili: Mbona ni kitu chao cha kweli? Waandike.

JichoLaPili: Aandike mmoja. Nani, wapige kura.

Ndizi_Mbivu: Wakikubaliwa wote, watalala chumba kimoja?

BabaWawili: Thubutu.

MamaKulwa: Doto amesoma uzi huu. Anauliza kama MIT wana historia.

Ndizi_Mbivu: Wanayo!!!