Koko wawili (babu na bibi), wajukuu saba na kisiwa cha mbali: tupange aje ili wazee wapumzike kweli?

Furaha_Himbi (Goma)

Jambo wandugu. Niko naomba mawazo ya watu wenye walishafika Martinique ao Guadeloupe, vile visiwa vya Ufaransa mu Karibi, na familia nzima, wazee na watoto pamoja.

Iko hivi. Siye tumezaliwa watano. Wawili tuko hapa Goma, mmoja Bukavu, yaya (ndugu yetu mkubwa) yuko Lyon na kitindamimba wetu yuko Montréal. Tangu matanga ya shangazi mu 2013 hatujakaa wote kwa meza moja, kuko wajukuu wenye wanajuana paka kwa WhatsApp. Papa yuko na miaka 76, mama 71. Sasa yaya akatoa wazo tukutane kisiwani wakati wa Pasaka, siku kumi, kule wanasema Kifaransa, pesa ni euro, na yeye yuko tayari kutafuta nyumba. Jumla tuko watu 16, mdogo kabisa yuko na miaka mitatu.

Nafurahi sana lakini usingizi unanikosa juu ya programu yenye yaya alituma. Siku kumi, matembezi tisa! Mashua, maporomoko ya maji, kupanda mulima, soko, mashua tena. Papa goti la kuume linamsumbua, akishuka pa gari anashika mlango kwanza, anasimama hapo anapumua, ndipo anaweka mguu chini. Mama yuko na tansio (shinikizo la damu). Na mama alisikia kule kuko volkano, akaniangalia akasema: "Mu 2002 nilikimbia na godoro kichwani, mu 2021 nikakimbia tena usiku, na sasa munataka kunilipia tiketi niende kutafuta ingine?" Sikuwa na jibu. Nyumba yetu ya kwanza iko chini ya mawe ya Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, mpaka leo. Papa yeye anataka aione kwa macho yake.

Kwa hiyo nauliza: kisiwa gani, tukae upande gani, na tupange aje ili wazee wapumzike na watoto nao wasikae wakichoka?

Mama_Mapacha (Montréal, mzaliwa wa Bukavu)

Furaha mdogo wangu, mwambie yaya afute nusu ya hiyo programu leo hii.

Siye tulienda Martinique na mama mkwe, alikuwa na miaka 73, na tulifanya kosa hilo hilo. Siku sita, matembezi matano. Siku ya ine miguu yake ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia, na hakusema kitu juu alijua tulilipa pesa mingi, miye niligundua paka wakati nilimuona amevaa kandambili za mume wangu. Niliona haya sana. Zile siku zilibaki alikaa pa baraza ya nyumba anachambua mboga na wajukuu wawili pembeni, anawaonyesha namna ya kuvunja kikonyo, na mpaka leo hizo siku njo anazungumzia. Ile mashua hajawahi kuitaja hata mara moja.

Nyumba chukueni moja kubwa ao mbili zenye ziko kiwanja kimoja, na jiko. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi: ngazi ngapi kutoka pa gari mpaka mlangoni? Chumba cha wazee kiko chini? Bafu iko na ukingo wa kuruka ao mtu anaingia tu? Pisini iko na uzio wa kufunga? Picha hazionyeshi ngazi. Ile yetu ilikuwa na ngazi 31, kila jioni mume wangu alikuwa anapanda nyuma ya mama yake na mikono wazi kama mtu anayengojea mtoto aanguke.

Upande: kusini na kusini-magharibi. Les Anses-d'Arlet, Sainte-Luce, Sainte-Anne. Kule ni bahari ya Karibi, maji yametulia, mtoto wa miaka mitatu anaweza kukaa ukingoni. Upande wa mashariki ni Atlantiki, mawimbi ni makali na kuko majani ya bahari ya kahawia, sargase, yanakuja kwa wingi miaka fulani, yakioza yanatoa gesi yenye inanuka kama mayai mabovu. Siye wa Kivu tunajua maana ya gesi, tumekua tukiambiwa habari ya mazuku, ile gesi yenye inatoka udongoni na kuua watu. Mzee mwenye tansio ao pumu musimukalishe pembeni ya hayo.

Jambo ingine, na naomba uwaeleze watoto mbele ya kufika. Kuko muti pa pwani, mancenillier, matunda yake ni ya kijani kidogo kama tofaa changa, yananukia vizuri, ni sumu. Hata maziwa yake yanachoma ngozi, hata mvua ikinyesha maji yenye yanadondoka kwa majani yanatoa malengelenge. Mingi wameizungushia rangi nyekundu pa shina. Sheria kwa watoto wetu ilikuwa: muti wenye mkanda mwekundu hatukai chini yake, hatuokoti kitu. Na bahari si ziwa Kivu, watoto wenye wamezoea maji matamu wanaogelea mdomo wazi, mapacha wangu walikunywa chumvi siku ya kwanza wakatapika wote wawili.

Chakula kisikuhangaishe. Mama atakuta mihogo, ndizi za kupika, kolokazi (magimbi, wao wanaiita dachine), samaki wabichi. Kuko na mashelisheli, wanachemsha ao wanachoma. Lakini asifunge fromaji (jibini) ya Masisi kwa sanduku, najua atataka! Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, watamnyang'anya.

Muuguzi_Ibanda (Bukavu)

Nakubali yote ya Mama Mapacha, naongeza upande wa afya na makaratasi juu hapo njo watu wanakwama.

Viza kwanza. Viza ya Schengen (ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya) peke yake haifikishi mtu Martinique. Ni Ufaransa ndiyo, lakini haiko ndani ya Schengen, viza lazima iandikwe kwamba inafaa kwa majimbo ya ng'ambo. Na ndege nyingi za kule zinaondokea Orly, uwanja wa ndege wa Paris. Mukishuka Roissy, uwanja mwingine wa Paris, na kwenda Orly mumeshaingia Ufaransa, kwa hiyo wazee watahitaji zote mbili. Museme hivyo tangu siku munapeleka dosie. Dosie ya Schengen inapokelewa kuanzia miezi sita mbele ya safari, musingoje mwezi wa mwisho. Asirance (bima) ya safari ya kufunika angalau euro 30.000 inaombwa pia, na kwa watu wa umri huo miye ningeitafuta hata kama haiombwi.

Kadi ya manjano: mutu mwenye anatoka Kongo anaombwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kule Martinique na Guadeloupe. Cheti cha zamani hakiishi tena, tangu 2016 ni cha maisha yote. Lakini kama papa ao mama hajawahi kuchanjwa kabisa, aongee na daktari mapema, juu kumpa mtu wa zaidi ya miaka 60 hiyo chanjo mara ya kwanza inaombwa uangalifu. Na lazima siku kumi zipite mbele cheti kianze kazi.

Ndege: kutoka Kigali mpaka Ulaya ni usiku mzima, na kutoka Paris mpaka Fort-de-France ni karibu saa tisa tena. Musiwaunganishe siku moja. Walale Paris usiku mmoja, wawili ni bora. Kampuni ya ndege muiambie saa 48 mbele kwamba papa anahitaji kiti cha magurudumu, hata kama yeye atasema anaweza kutembea. Dawa za tansio zikae mkononi, si kwa sanduku lenye linapotea, pamoja na karatasi ya daktari. Tofauti ya saa ni sita, mama ataamka saa nane usiku siku za kwanza, kwa hiyo muulize daktari dawa azimeze saa gani.

YaMado_Kenya (Lubumbashi)

Furaha, minasoma bile banakuambia, yote njo muzuri, lakini hakuna mutu anasema juu ya falanga. Siye tulienda Kalemie bantu 14 na ilibakia kidogo bandugu bagombane pa mulango juu ya nani analipa samaki. Koko alikuwa anasikia yote. Ile inauma kuliko ngazi.

Mufanye likelemba (mchango wa pamoja) ya familia, muanze sasa. Kila mwezi kila mutu anatia, lakini mwenye iko Lyon na mwenye iko Goma habatie sawa, museme ile wazi, bila haya. Bazee habatie kitu. Mutu mumoja anachunga, na kila mwisho wa mwezi anaonyesha hesabu mu grupe ya familia.

Na kazi ya jiko mugawanye mbele ya kufika. Bantu babili kila siku, na banaume ndani. Kama hamugawanye, bashemeji banamuke batapika siku kumi na batarudia bamechoka. Tena kitu cha mwisho: koko si mulinzi wa batoto saba. Munamuachia bote asubui, munaenda kuogelea, munarudia saa tisa, ile haiko kupumuzika.

Furaha_Himbi (Goma)

Aksanti sana, nimesoma yote kwa sauti mbele ya mume wangu. Ile ya falanga yaya amekubali, tunaanza mwezi kesho. Matembezi yamebaki matatu.

Imebaki volkano. Mama bado.

Mama_Mapacha (Montréal, mzaliwa wa Bukavu)

Usimufiche mama, muonyeshe karata (ramani). Mulima Pelée uko mwisho wa kaskazini ya Martinique, Sainte-Anne iko mwisho wa kusini, kati yao kisiwa kizima. Kwetu Goma mulima unauona ukifungua dirisha. Akikataa kabisa kuko Guadeloupe: kile kisiwa kiko na mabawa mawili kama kipepeo, volkano ya Soufrière iko kwa bawa la Basse-Terre, na Grande-Terre ni tambarare ya mawe ya chokaa, hakuna volkano, na pwani ya Sainte-Anne ya kule (jina ni moja) maji yake yametulia pia.

Lakini kwa papa, miye ningebaki na Martinique. Siku moja yeye na wale wajukuu wakubwa waende Saint-Pierre, mama abaki nyumbani kwa amani. Tarehe 8 mwezi wa tano 1902 ule mji uliunguzwa kwa dakika chache, watu karibu 28.000. Haikuwa lava ya kutembea kama yetu, ilikuwa wingu la moto na majivu lenye lilishuka mulima kwa kasi. Watu karibu wote wa mjini wakafa, mufungwa mmoja akapona juu alikuwa ndani ya selo ya mawe mazito, na ile selo ingali pale, na ngazi za tamasha zenye hazina nyumba tena. Papa wenu amepoteza nyumba kwa mulima, atasimama pale ataelewa vitu vyenye siye hatuwezi kumueleza, na wajukuu watasikia habari ya 2002 kutoka mdomoni mwake.

Na Pasaka mumechagua vizuri, mvua ni kidogo, kipindi cha vimbunga ni mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja. Jumatatu ya Pasaka watu wa kule wanatoka na sufuria, bibi na babu na watoto wachanga, wanakaa pwani kutwa wanakula matoutou, ni wali na kaa. Hamuhitaji programu siku hiyo. Tafuteni kivuli, kisicho na mkanda mwekundu.

Furaha_Himbi (Goma)

Nimemuonyesha mama karata kwa simu jana jioni. Aliweka kidole pa Pelée, akaweka kingine pa Sainte-Anne, akakaa nayo muda. Halafu akauliza kama ile nyumba iko na baraza, na kama kuko kigoda cha kukalia wakati wa kuchambua mboga.

Yaya ameshamuandikia mwenye nyumba kuuliza ngazi na baraza. Kigoda papa anasema atabeba cha hapa.