Naomba ushauri: mtoto anaiga tu, au ameshaelewa nafasi anayoigiza?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa kwa mliosoma sosholojia au mnaolea watoto wadogo.

Naandika ripoti kuhusu ujamiishaji, yaani namna mtu anavyojifunza majukumu na kanuni za jamii yake. Kwa wiki 3 nimekuwa nikiwatazama watoto wa miaka 4 hadi 6 wakicheza, kwa ruhusa ya wazazi. Siku moja binti alimwinamia mwanasesere, mkono kiunoni, akamnyooshea kidole: "Nimekwambia mara ngapi?" Sauti ile ilikuwa ya mtu mzima kabisa. Baadaye mvulana alimbeba mwanasesere yuleyule mgongoni. Wenzake wakacheka, akamweka chini upesi. Hakuna mkubwa aliyesema neno. Hadi leo tukio hilo halijanitoka.

Mwanafalsafa na mwanasosholojia George Herbert Mead anatenganisha igizo la mtoto anayevaa nafasi moja moja na mchezo wenye kanuni, ambao humlazimu kuzingatia nafasi za wote kwa pamoja. Nimejaribu kupanga matukio yangu hivyo, yanagoma. Kicheko kile nakiona karibu zaidi na hoja ya mwanasosholojia Charles Horton Cooley ya mwaka 1902, kwamba wengine ndio kioo chetu, yaani tunajiona kwa jinsi tunavyodhani wao wanatuona. Msimamizi wangu anataka nadharia moja tu. Mimi naona zote mbili zinahitajika.

Sasa, nitazame dalili zipi ili nitofautishe kuiga na kuelewa nafasi? Na je, kicheko kile nikiite adhabu ya kijamii, au nitakuwa nawatwisha watoto maana yangu mwenyewe?

Natanguliza shukrani.